Dakika Kumi na Moja Ndani ya Tanki

Jumapili, jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi, huu wetu wa Agosti hapa Singida unaoingiza vumbi hadi kwenye kopo la sukari. Nimefunga madirisha yote na meza bado ina vumbi. Nimekunywa chai vikombe viwili.

Leo nimekwenda Mtinko kumwona Elibariki.

Naandika hapa kwa sababu sijui nimwambie nani mwingine. Wachache mnaosoma blogu hii mmezoea habari za darasani kwangu na bustani yangu ya mchicha. Hamjui kwamba niliwahi kupiga gitaa la besi kwenye bendi, wala kwamba bendi hiyo ilitoa albamu moja tu. Kwa miaka kumi na miwili nimeiogopa albamu hiyo kama mtu aliyeona nyoka akiingia ndani ya nyumba na hakumwona akitoka.

Tulikuwa watatu. Elibariki aliimba na kupiga gitaa, Jumanne alipiga dramu, mimi besi. Tulijiita Mawe Mekundu. Kaka yake Jumanne alikuwa ametuachia diski iliyojaa rock ya zamani, ile ya magitaa yanayolia kama yako chini ya maji, nyimbo ndefu zinazokufanya uhisi kuta za chumba zinapinda. Wenyewe wanaiita saikedeliki. Sisi tuliiita muziki wa kuota macho wazi, na tulitaka kuupiga kwa Kiswahili, pamoja na midundo ya ngoma tulizozisikia harusini tukiwa wadogo.

Mjomba wake Jumanne alitupa ghala lake la alizeti pale Mtinko kwa siku tisa, asubuhi hadi jua linapozama. Nilikuwa na laptop ya kuazima na maikrofoni mbili. Fundi redio wa sokoni alitutengenezea kispika kilichokuwa kinakwaruza sauti ya gitaa vizuri ajabu. Na mle ghalani kulikuwa na tanki jipya la maji, la plastiki, lita elfu tano, limelazwa ubavu likisubiri kufungwa. Elibariki aliingiza kichwa kwenye mdomo wa tanki, akaimba neno moja, na neno likazunguka mle ndani likarudi likiwa kubwa. Akacheka kama mtoto. Kuanzia siku hiyo sauti zake zote tulizirekodi akiwa amekaa ndani ya tanki.

Siku ya tatu aliacha kulala. Alitueleza mwenyewe, kwa furaha, kwamba halali na wala hachoki. Siku ya tano akasema upepo unampa maneno. Tulidhani anasema kisanii. Aliimba kama hajawahi kuimba, na mimi nilikuwa nakwenda nyumbani nikimshukuru Mungu.

Siku ya tisa ndiyo ninayoiogopa.

Tulikuwa tunarekodi wimbo wa saba, wa mwisho. Alianza na mashairi tuliyokuwa tumekubaliana, kisha akayaacha, akaanza kurudia neno moja, nitoeni, nitoeni. Mwanzoni alilifuatisha na gitaa lake nililokuwa nimelirekodi jana yake, na lilikaa vizuri mno. Baadaye halikufuatisha kitu. Mdomo wa tanki ulikuwa wazi, hatua moja kutoka alipokaa, na hakuuona.

Jumanne alinitazama akauliza kwa macho kama tusimamishe. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kwenye laptop, nimevaa hedifoni. Nikamwinulia kidole, ngoja.

Wimbo ule una dakika kumi na moja. Kuanzia dakika ya nne nilijua kwamba haimbi tena.

Nilisubiri hadi sauti ilipokauka yenyewe, ndipo tukamtoa. Kesho yake alitoweka. Walimkuta baada ya siku nne akitembea peku kwenye barabara ya Dodoma, ng'ambo ya Ikungi, miguu imechanika. Akalazwa muda mrefu. Sisi wawili tukaipandisha albamu mtandaoni bila kelele, kama watu wanaozika kitu. Nilikwenda kumwona mara mbili akiwa hospitali. Mara zote mbili tulizungumzia mvua.

Basi, siku hizi watu wameigundua. Vijana wa Dar, wa Arusha, hata wa nje, wanatumiana kwenye simu, wengine wameanzisha bendi kwa sababu yake. Na wote wanausifu wimbo wa saba. Mmoja aliandika kwamba hajawahi kusikia mwimbaji akiigiza woga kwa ukweli namna ile. Niliisoma sentensi hiyo nikiwa ofisi ya walimu, nikatoka nje.

Mwezi uliopita dada mmoja wa Dar akatuandikia. Kikundi chao kinataka kuitoa albamu upya kwenye santuri, na kinahitaji saini zetu tatu. Jumanne amesaini. Mimi nilisema nitampelekea Elibariki karatasi mwenyewe, kisha nikakaa wiki tatu bila kwenda.

Leo nikachukua bodaboda. Njia nzima niliomba nisimkute.

Nilimkuta mama yake kwanza, ametoka kanisani, bado ana kitenge cha kwaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Aliutazama mkoba wangu. "Umekuja na ule muziki."

Nikasema ndiyo. Hakunikaribisha kukaa. Akasema kwa sauti ya chini, kwa Kinyaturu kwanza, kisha kwa Kiswahili kana kwamba anataka nisikie mara mbili, "Mwanangu siku hizi analala. Anameza dawa zake, analima, analala. Umenielewa? Analala."

"Nimekuelewa mama. Ukisema niondoke nitaondoka."

Natamani angesema niondoke. Badala yake alisema, "Ni mtu mzima. Muulize yeye."

Elibariki alikuwa nyuma ya nyumba anachambua vitunguu, vikubwa huku, vilivyooza kule. Amenenepa. Ana mvi mbili tatu kwenye ndevu. Aliponiona alisogeza gunia ili nipate pa kukaa, akaniuliza habari za shule kama tuliachana juzi. Nikamweleza yote kuhusu santuri. Nilisema haraka haraka, nikaongeza kwamba si lazima asikilize, anaweza kukataa tu na mambo yakaishia hapo.

"Weka," alisema. "Sijawahi kuusikia."

Miaka kumi na miwili, na hajawahi kuusikia. Hilo sikulijua.

Niliweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sikuusikiliza muziki, nilimwangalia yeye. Niliangalia vidole vyake, magoti yake, macho yake kama yanakimbia. Nilikuwa tayari kuizima wakati wowote. Yeye aliendelea kuchambua vitunguu. Kwenye wimbo wa tatu alisema, "Hapo ulichelewa." Ni kweli, nilichelewa. Kwenye wa tano alitikisa kichwa akifuata gitaa lake mwenyewe, akatabasamu, na kwa dakika chache nikaamini kwamba nimejitesa bure miaka yote hiyo.

Ukaja wa saba.

Aliacha vitunguu. Mama yake alikuja akasimama kwenye pembe ya nyumba. Nitoeni ilipoanza nilinyoosha mkono kuizima, akanizuia kwa kuutazama tu ule mkono. Tukakaa. Sijui kama mmewahi kukaa dakika kumi na moja karibu na mtu anayejisikiliza akiita. Kuku walikuwa wanapita katikati yetu.

Ilipoisha aliuliza taratibu, bila hasira, "Mlikuwa mnanisikia?"

Nilikuwa na nafasi ya kudanganya. Ningesema tanki lilikuwa nene, dramu zilikuwa na kelele, sikuwa nimevaa hedifoni. Angekubali. Nadhani alikuwa ananipa nafasi hiyo makusudi.

"Nilikusikia. Nilivaa hedifoni. Jumanne alitaka kusimamisha, mimi nikamkataza. Nilijua, Eli. Sauti ilikuwa nzuri, nikakuacha."

Aliokota kitunguu kimoja, akakigeuza mkononi.

"Mimi siku zote nilidhani hamnisikii," alisema. "Nilidhani plastiki ilizuia sauti. Hospitali walikuwa wananiuliza kama nina kinyongo na mtu, nawaambia sina, wenzangu hawakunisikia."

Nilisema samahani, ikatoka ndogo kama ya mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake.

Akachukua zile karatasi, akazisoma zote, kisha akanirudishia bila saini. "Hizo sita nitazifikiria," alisema. "Kwenye hizo hata wewe ulipiga vizuri. Huo wa saba si wimbo. Waambie."

Nikamwambia ukweli mwingine, kwamba wimbo huo tayari uko kwenye maelfu ya simu, siwezi kuurudisha. "Basi waambie ni nini," akasema. Akainuka, akaenda kufungulia mbuzi. Hakuniaga.

Nimeshawaandikia wale wa Dar. Nimewaeleza wimbo wa saba ni nini na nani aliinua kidole. Nitayaandika pia pale albamu ilipo mtandaoni, na hapa mmeshayasoma. Sijui watu wataniitaje. Jambo la ajabu ni kwamba hilo haliniogopeshi kama nilivyodhani.

Ninachoogopa kiko Mtinko. Kwa miaka kumi na miwili mtu amejishikiza kwenye jambo moja, kwamba rafiki zake hawakumsikia, na leo mchana nimekwenda nikalichomoa. Nilisema ukweli kwa ajili yake, au ili mimi nipumue? Najiuliza tangu nilipopanda bodaboda kurudi.

Wakati naondoka nilimwomba mama yake anipigie asubuhi, aniambie kijana ameamkaje.

"Sitakupigia," alisema. "Kesho tunafunga vitunguu kwenye magunia, kuna kazi ya mikono. Ukitaka kujua ameamkaje, njoo umwone."

Nimemtumia mkuu wa shule ujumbe kwamba kesho sitafika. Dereva wa bodaboda nimemwambia aje saa kumi na mbili asubuhi. Nimeshatoa nguo za shamba, ziko kitini.