Kaseti Yako Imefika Shambani

Unyambwa, Singida

Mama, shikamoo.

Nimefika salama. Zabibu za Mjomba zimeanza kuiva, na ndege wanazifaidi kuliko sisi. Ile kaseti uliyomrekodia kaka yako nimempa mkononi. Sasa kaa chini kwanza.

Huku, tangu maduka yajae vitu, kaseti zimekuwa nyingi, na zikiharibika hazitupwi. Mjomba anachomoa mkanda wa ndani na kuufunga juu ya mizabibu. Upepo wa Singida ukiupiga unavuma na kumetameta, na ndege wanakimbia. Kila mgeni anamletea moja. Basi nilipotoa ya kwako, hata shikamoo sijamaliza, akasema, "Ahsante, mwanangu," akaingiza kidole, akavuta.

"Mjomba, hiyo ni sauti ya Mama!"

Nilikuwa nimechelewa. Pande zote mbili zilikuwa chini kama tambi.

Akauliza ulikuwa unasemaje. Nikamwambia ulivyomgombeza: haandiki, haji, hata kwenye mazishi ya Bibi alituma salamu tu. Halafu akauokota mkanda wote, akaufunga safu ya mbele, inayotazama mlango wake. Tangu hapo hakuna ndege aliyegusa safu ile.

Leo amekunywa chai yake pale, akiusikiliza. Anasema: "Mwambie dada, anaongea tangu asubuhi na sijamkatiza hata mara moja."

Tukimaliza kuvuna anakuja nami kuyasikia yote upya. Mungu akutunzie hilo koo, Mama.

Mwanao,
Zuhura