Kipande cha Reli Juu ya Boila

Shamba la mkonge, Voi

Mdogo wangu Barasa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye vumbi jekundu. Goti la mama linaendeleaje? Na kifua chako, kimeachilia? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hautulii, na sababu ni wewe.

Nilikuita uje ufanye kazi nami kwenye boila, tangi la chuma la kuchemshia maji ambalo mvuke wake huendesha mashine za kukamua mkonge. Sasa nakuomba usije. Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma.

Nafanya zamu na Mwakio, Mtaita wa milimani Wundanyi. Ni mtu mwema, ndiye aliyenipa mahali pa kulala nilipofika. Kwao juu, maji huchemka upesi kabla hayajapata moto wa kutosha, na maharagwe hubaki magumu. Kwa hiyo mkewe huweka jiwe juu ya kifuniko cha sufuria. Mvuke ukibanwa, maji huzidi kuwa moto, na chakula huiva. Nimekila, ni kitamu kweli.

Mwezi uliopita mashine zilianza kujikokota, msimamizi akawa mkali. Mwakio akapanda juu ya boila na waya, akaning'iniza kipande cha reli kwenye mkono wa vali, ile inayojifungua yenyewe presha ikizidi.

"Umefanya nini?" nikamwuliza.

"Nimeweka jiwe la mama watoto," akacheka. "Si unaona vile mashine zinakimbia?"

"Sufuria ikizidiwa, kifuniko kinaruka. Hii itaruka nini?"

"Nyinyi watu wa bara mna woga sana."

Msimamizi alimpa mkono mbele ya wote. Mshale wa presha nao umepita mstari mwekundu, na ni mimi tu ninayeutazama.

Barasa, maji yaliyomo humo hayatokoti. Yamekandamizwa, yana moto kuliko ya sufuria yoyote, na bado yametulia kwenye kioo cha kupimia kina kama maji ya kunywa. Utulivu huo ndio unaonitisha. Chuma kikipasuka, mengi yatageuka mvuke kwa mara moja, na mvuke hutaka nafasi. Jumanne bomba lilitoboka. Mvuke wa namna ile hauonekani mpaka upoe, basi tulilitafuta tundu kwa mpini wa ufagio. Ulikatika mkononi mwangu kama muwa.

Mara tatu nimeitoa ile reli, mara tatu nimeikuta imerudi. Msimamizi ameniambia nikiigusa tena nifunge virago. Ningefunga leo, lakini nyuma ya ukuta wa boila wanakaa wanawake wanaochambua nyuzi, na mke wa Mwakio ni mmoja wao. Nilimwonya. Akasema mumewe anajua moto.

Kesho asubuhi nitakata waya, reli niitupe mtoni, wanifukuze.

Msalimie mama, na mjomba wetu fundi wa baiskeli. Mwambie dada yetu mkubwa shuka aliyonishonea bado nzima.

Wakinifukuza, utaniona mlangoni kabla mahindi hayajakauka. Lakini uangalie vizuri mwandiko huu. Ikija barua kutoka Voi yenye mwandiko mwingine, usimsomee mama mpaka umwite mjomba akae karibu naye.

Ni mimi kaka yako,
Wafula