Marashi Juu ya Kidonda

Katonga, Kigoma

Kwa Yaya Daudi, kaka yangu mkubwa,

Shikamoo. Bwana asifiwe. Naomba barua hii ikukute una nguvu, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kiwe kimekuachia. Wifi yangu naye, miguu imepungua kuvimba? Na huko Kalemie siku hizi mnalala vitandani, au bado mnakimbilia porini mkisikia bunduki? Kila jioni tunawataja kwenye maombi, wewe wa kwanza.

Leo sitaandika kwamba huku sote tu wazima, maana neno hilo limenitia kinyaa. Mdogo wetu Zawadi anaoza, Yaya. Nataka uipate habari hii kutoka mkononi mwangu kabla wachuuzi wa dagaa hawajakuletea ya kwao.

Ulisikia kwamba alikatwa titi. Waliomkata wanafanya utafiti, yaani wanataka kujua wanawake waliopasuliwa kansa wanaishije wakisharudi nyumbani, nani amepona na nani ugonjwa umemrudia. Tangu mwanzo walituambia kwamba watapita nyumba kwa nyumba, na atakayekutwa ugonjwa umemrudia watampeleka Dar es Salaam kwa treni akachomwe mionzi, na gharama ni yao. Sisi wakimbizi bahati ya namna hiyo tungeipata wapi? Nilipiga magoti palepale kwenye sakafu ya wodi.

Basi ugonjwa ukamrudia. Kovu lilifunguka likawa kidonda, na kwapani pakaota uvimbe mgumu kama kokwa la chikichi. Harufu sitakuficha. Nikimwosha kwa maji ya chumvi huwa naimba pambio, kwa sababu anayeimba havuti sana pumzi kwa pua. Mumewe Elia amehamishia mkeka wake kwenye banda la nyavu. Kwa hilo simlaumu sana. Namlaumu kwa haya yanayofuata.

Ilipokuja habari kwamba watafiti watafika Alhamisi, Zawadi alifurahi. Aliniambia, sasa wanakuja wenye macho. Lakini habari hiyo ilimfikia pia Mzee Ntakije, kaka yake Elia, ambaye ndiye mkubwa wa ile nyumba na ni mzee wa kanisa pia. Unajua mambo ya kupokea wageni, kwao na kwetu ni yaleyale. Mgeni akija kumtazama mgonjwa, humkuta ameogeshwa, amepakwa mafuta, shuka ni safi na jikoni kuna kitu. Mgonjwa akikutwa na uchafu, anayeaibika ni ukoo wa mume, watasemwa kwamba hawatunzi wake zao. Kwa mgeni anayeleta pole na sukari, desturi hiyo ni nzuri. Huyu alikuwa anakuja kutafuta kidonda.

Mzee hakutaka kusikia tofauti hiyo. Alileta poda na chupa ya marashi, akaita wanawake wa kwake wakamfunga Zawadi kifua kwa vitambaa vipya, tabaka juu ya tabaka, pamba ikashindiliwa hadi kwapani. Juu wakamvika kitenge chake cha harusi. Nilipomwambia kwamba hawa ni watu wa hospitali, waacheni waone, alinijibu kwamba mimi ni mgeni hapo, nikaangalie samaki. Elia alikuwa amesimama palepale akichokonoa kucha. Nikaenda kukaanga migebuka.

Wakaja. Mkubwa wao ni kijana wa mjini, shati jeupe, saa ya kupimia mbio inaning'inia shingoni. Watu wa hapa wanamfahamu. Kabla ya huu utafiti wa kansa alikuwa akiwapima wachezaji wetu wa mpira pale ufukweni, nani ana mbio, nani anachoka upesi, akiwagawia soda. Basi walimpokea kama kocha. Alikuwa pia na nesi mmoja, mwanamke wa makamo, mnyamavu.

Maswali yaliulizwa, na kila swali lilijibiwa na wanaume. Anapika? Anapika. Anachota maji? Hata kuni anakwenda. Zawadi mwenyewe alipoulizwa hali alisema hajambo, anamshukuru Mungu. Wewe na mimi tungejibu nini mbele ya wakwe na wageni? Hapo huwa unangoja uulizwe mara ya pili ndipo useme linalokuuma. Hakuulizwa mara ya pili.

Nesi aliomba waingie ndani amtazame kovu. Mzee Ntakije akacheka kidogo.

"Binti yangu, umekuja na wanaume. Kwetu mke wa mtu hafunguliwi nguo wageni wakiwa wamekaa sebuleni. Mnaona wenyewe amependeza."

Nesi akamtazama mkubwa wake. Mkubwa wake alikuwa akitazama sahani niliyokuwa naileta.

Kisha akashika ile saa yake, akamwambia Zawadi asimame, atembee mpaka mwisho wa ua, ageuke, arudi akae. Akatembea, Yaya. Jasho lilimtoka puani, kitenge kikaanza kulowa ubavuni, lakini alitembea shingo imenyooka kama anakwenda mbele ya madhabahu. Aliporudi wakampigia makofi. Shabiki mmoja wa mpira aliyekuwa amesimama uani akasema huyu wampeleke timu ya wanawake, acheze winga. Wakacheka wote. Elia naye alicheka.

Halafu wakala. Kijana alinyonya mifupa, akalamba vidole, akasema upasuaji huu ni wa mfano, mgonjwa huyu hana haja ya safari. Mimi nilitoka nyuma ya jiko nikatapika. Si kwa harufu. Ile harufu nimeizoea.

Walipoondoka nilimfungua. Ule mchanganyiko wa marashi na usaha sitausahau hata nikizeeka. Vitambaa vilikuwa vimegandamana na nyama, ikabidi nivilowanishe kimoja kimoja, na yeye akiuma pembe ya mto. Nilipomaliza aliniuliza, "Mama Esta, wameridhika?"

Nikamuuliza kwa nini ametembea. Kwa nini hakuketi chini tu akalia.

"Walikuwa wageni," akasema.

Nilimkasirikia, Mungu anisamehe, kisha nikamwogesha upya.

Kesho yake nilikwenda hospitali ya mjini kumtafuta yule nesi. Nilidhani atanifukuza. Alinivuta pembeni, akaniambia kwamba tangu jana hajapata usingizi, maana harufu ya marashi mengi namna ile anaijua inafunika nini. Akasema nimlete, ila wasimpambe tena. Nikaazima baiskeli kwa jirani, nikampandisha Zawadi nyuma, nikaikokota kupitia katikati ya soko la samaki. Kidonda kilikuwa kimefunikwa kitambaa chepesi tu. Wauza samaki, Yaya, watu wanaoshinda na matumbo ya samaki tangu asubuhi, wakatupisha wakiziba pua. Mmoja akatema mate. Zawadi aliwasalimia.

Nesi alipofunua, yule kijana alikuwa chumbani. Alirudi nyuma, akashika mlango, akatoka. Nesi akamfuata mpaka kizingitini.

"Rudi uone," akamwambia. "Hiki ndicho ulichokipima kwa saa."

Akarudi. Alitazama mpaka mwisho, rangi imemtoka. Siwezi kusema alitubu, hilo analijua Bwana. Lakini alisema nafasi ya Zawadi kwenye treni ipo, na daktari wa huko anasema akiwahi, mionzi itakausha kidonda na kumpunguzia maumivu. Kupona kabisa hakuniahidi mtu, na mimi sikuahidi. Nataka tu alale usiku mmoja bila kuuma mto, na watu wakae karibu naye tena.

Sasa kilichobaki ni ruhusa ya nyumba ya mumewe, hospitali haimsafirishi bila hiyo. Elia anasema mwenye neno ni kaka yake. Na kaka yake amenuna. Anasema nimemtembeza mke wao sokoni ananuka mchana kweupe, nimewavua nguo mbele ya Kigoma nzima. Nilimpigia magoti, mimi mwanamke mwenye wajukuu. Aliniambia, "Mke tulipewa na wanaume wa kwao. Mwanamke hawezi kuja kunidai. Kaka yake akisema mpeni ruhusa, nitampa, sitakuwa na ubishi." Kisha akauliza kama samaki wa jana wamebaki.

Jumapili alisimama mbele ya kanisa akawaombea wagonjwa. Mimi nilifumbua macho, nikamtazama mdomo unavyokwenda. Naomba uniombee juu ya hilo, maana nimeshindwa kupokea mkono wake.

Yaya, kiburi chake nakichukia, lakini neno lake nimelishika. Amesema neno lako linatosha, na watu walisikia. Usimtukane, nakuomba, hata kama mkono unawasha. Msalimie vizuri, mtaje kwa heshima, kisha mwambie waziwazi kwamba wewe, kaka wa Zawadi, unataka dada yako apelekwe Dar es Salaam kwa treni ijayo, na mimi nimsindikize. Ukipata chombo cha kuvuka uje mwenyewe, itakuwa bora zaidi.

Nisalimie wifi na watoto wote, Mama Mdogo aliyetulea, mchungaji wetu aliyetubatiza, na yule jirani fundi wa mitumbwi aliyetuvusha mwaka ule tulipokimbia. Zawadi anawasalimu. Amesema nisiwaandikie habari ya harufu, mtaogopa. Nimeiandika.

Mwenye chombo anayekuletea barua hii analala Kalemie siku moja tu, kisha anarudi Kigoma. Tafadhali mpe jibu lako mkononi kabla hajang'oa nanga.

Ni mimi mdogo wako katika Bwana,
Mama Esta