Kanuni ya Neno "Dawa"

Kitindamimba wangu, na baba yako,

Chakula kiko jikoni, pasheni. Naandika kwa kalamu nene. Mistari ikipandana mnivumilie, macho yangu mnayajua.

Mwanangu, ile kanuni uliyoniwekea kwenye kompyuta, kwamba kila barua pepe yenye neno "dawa" itupwe Takataka ili mashine isinisomee matangazo ya dawa za kunenepa na kukonda kutwa nzima, imefanya kazi. Hongera, fundi. Asubuhi nilikuwa humo natafuta risiti ya umeme, nikakuta barua za rafiki yangu mshonaji. Yule tuliyemzika mwezi uliopita, nikanuna kwamba hata kuumwa hakuniambia.

Kumbe aliniambia. Dawa zinamchosha. Dawa zimemnyonyoa nywele. "Mbona kimya, mwenzangu? Nimekukosea nini?" Sauti ya mashine ni ile ile kavu ya matangazo, lakini nilimsikia yeye.

Nimekwenda kwa mumewe. ~~Zifute zote, siwezi.~~ Usifute hata moja. Zihamishe, Takataka isije ikajisafisha yenyewe.

Ya mwisho msiifungue. Sijaisikiliza, nimeiacha makusudi, ili awe bado ana neno la kuniambia.

Mama