Saini ya Marehemu Ouma

Jumatatu, 3 Machi

Natembeza notisi ya kinu tangu saa moja asubuhi. Nyamasaria yote inanijua. Sheria inataka majirani wanaopakana nami waambiwe kwanza, wakubali, ndipo kaunti iniruhusu kusaga unga kwenye ploti ya kuishi. Mwalimu wa upande wa barabara amesaini. Mama Sofia wa nyuma naye, lakini kwanza alinichokoza: "Wewe Ochieng, kelele ya kinu tutaisikia saa ngapi na wewe unaongea?" Nikampa ile ya kiboko wa Dunga niliyemzaba kofi akarudi majini. Alicheka mpaka kalamu ikamponyoka.

Kabaki Rosa tu wa ploti ya pembeni, mjane wa mdogo wangu Ouma.

Jumanne, 4 Machi

Rosa amesaini. Majina yake yote matatu, polepole.

"Shemeji, leo ndiyo mara ya kwanza nasaini kama mwenye ploti."

Nikakunja karatasi haraka. Chai yake nikaiacha nusu.

Alhamisi, 6 Machi

Kaunti wamekataa. Dada wa ofisi ya mipango hakuwa mkali, alinigeuzia karatasi nijionee. Kwenye rejista ya ardhi, jirani yangu bado ni Ouma. "Mwenye jina ndiye asaini, Mzee."

Nikasema atakuja kesho. Kweli nilisema hivyo. Ouma, miaka sita kaburini.

Ijumaa, 7 Machi

Sijatoka nyumbani. Wacha niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa.

Tulipomzika Ouma nilimwambia Rosa mambo ya urithi aniachie mimi, nina watu wangu ofisi ya ardhi. Sikuwa na mtu. Nilimjua mlinzi wa geti, basi. Rosa akaniletea cheti cha kifo, hati, kila kitu. Nikaenda mara moja, nikaona foleni na fomu ndefu za maneno ya korti, nikaogopa kuuliza watu wasijue niliishia darasa la sita. Nikarudi nikaweka makaratasi chini ya godoro. Baadaye nikamwambia kazi imeisha, jina lake limeingia, na mkubwa wa ofisi alisimama kunipa mkono.

Hadithi zangu watu huzicheka. Hiyo Rosa aliiamini.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia. Alikuwa anachambua dagaa wa omena nje ya jikoni. Nilisema yote nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Binamu zenu walipokuja kusema ploti ni ya ukoo, niliwafukuza kwa maneno gani?"

Akatupa takataka ya omena kando.

"Ya kwako, Ochieng."

Hakuniita shemeji. Wale binamu wakijua, watarudi hata kesho. Ana watoto watatu mle ndani na ukuta aliojenga kwa kuuza samaki. Kumbe ni mimi niliyemwacha bila mlango.

Akaendelea na omena. Halafu: "Leta makaratasi yangu."

Nikaleta. Cheti cha kifo kimeliwa na mende pembeni. Nililia njiani, mtu mzima.

Jumanne, 11 Machi

Notisi ya kinu niliyokuwa nimebandika getini nimeibandua. Kinu baadaye, kama kitakuwepo.

Mimi na Rosa tumeshinda kutwa kwa chifu, kutafuta barua ya kuanzisha kesi ya urithi kortini. Rosa alikaa benchi lingine. Chifu akauliza marehemu alifariki lini. Akaniangalia mimi, kaka mkubwa, msemaji wa kila matanga. Nikamnyooshea Rosa mkono, aseme yeye.

Rosa akataja tarehe, na saa yenyewe. Chifu akaandika.