Sahani ya Dada Naimaliza Mimi

Mshauri mpendwa, hili sijamwambia mtu yeyote, na hata sasa nimeifunika karatasi kwa kiwiko: chakula cha dada yangu nakula mimi. Dada ni fundi cherehani, amejifungua mwezi uliopita, na tangu ana mimba mama alikuwa anamjazia sahani mpaka inafurika, "Kula, mko wawili," dada akala akanenepa, sasa mtoto katoka unene umebaki, basi kila asubuhi anajaribu gauni la bluu alilojishonea zamani, linakwama mapajani, anaitukana zipu kana kwamba ndiyo iliyomnenepesha. Shemeji naye na utani wake usio na breki, "Fundi, ongeza kitambaa!" Tangu siku ya utani huo dada hali chakula, anashinda na chai ya rangi na kujikaza tumbo kwa shuka mpaka anahema, na ili mama asijue sahani nasukumiwa mimi, "Mdogo wangu, nisitiri," nami ni mzito wa kusema, nakula. Mama akiiona sahani nyeupe anafurahi, kesho anaongeza! Kifungo cha sketi yangu kimeruka darasani. Karatasi ya kliniki imeandikwa kwa Kiingereza cha shuleni, nikamsomea kwamba anayenyonyesha asijinyime chakula, akasema, "Hiyo waliwaandikia wembamba." Jana kapata kizunguzungu akaangukia cherehani, sindano ikamkosa kidogo tu, na mtoto analia hata akinyonya. Nikisema nimemsaliti dada, nikinyamaza naogopa... nasikia ndala za mama, naificha hii

Mdogo Mtu

Mdogo Mtu,

Pole, mwanangu, lakini mmenichosha nyumba nzima. Watu wazima watatu, na sahani inabebwa na mtoto wa shule!

Mama, mjamzito hali kwa watu wazima wawili. Huyo wa pili ni mtoto mdogo aliye tumboni. Anataka nyongeza ndogo yenye lishe, si sufuria. Na huyo dada, mwili uliotanuka miezi tisa utarudi kwa mwezi mmoja? Shuka haliyeyushi mafuta. Ale kipimo chake, maharage, mboga, matunda, anywe maji, apunguze sukari na vya kukaanga, atembee taratibu mkunga akimruhusu. Unene utapungua polepole, na ndivyo inavyotakiwa. Shemeji afunge mdomo, afungue mikono, abebe mtoto.

Na hilo gauni! Huyo si fundi? Wateja wangapi amewafumulia mishono akawaongezea ubavuni bila kuwatukana? Ajifanyie na yeye.

Sasa wewe. Kizunguzungu cha mzazi si siri ya kusitiri. Kama bado hajaonwa, leo hii aende kwa mkunga, yeye na mtoto wake. Sahani ikisukumwa kwako, irudishe. Unasema wewe ni mzito wa kusema, mbona mimi nisiyekujua umenimwagia yote? Basi usiseme. Chukua gazeti hili, liweke juu ya cherehani, ukurasa huu ukiwa juu. Ndala zikikaribia mlangoni, usiugeuze.