Farasi Mweupe wa Baba Yake Mzee Orhan

Jumanne, 20 Mei

Sura ya nne ya tasnifu yangu bado haina kichwa wala miguu. Asubuhi nimefundisha, mchana nimesinzia mbele ya kompyuta. Jioni hodi: Mzee Orhan, jirani wa ukuta mmoja, na sahani ya maandazi yao ya jibini. Anajua naandika habari za kwao, Uturuki ya wakati wa Vita Kuu ya Pili, na siasa ilivyogeuka vita vilipokwisha. Mtu wa Tanga naandika historia ya Waturuki. Dada Mwanaidi kila nikimpigia simu hunicheka mpaka anakohoa.

Ijumaa nitairudisha sahani na vitumbua. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Kwao vilevile. Miaka yote hapa Ilford, ughaibuni, hatujawahi kurudishiana sahani tupu.

Ijumaa, 23 Mei

Nimepeleka vitumbua. Kanikalisha, kanimiminia chai. Nikawasha simu inase sauti. Akaanza na yale ya siku zote. Nchi yao ilijiweka kando na vita, lakini vijana walipelekwa mipakani kumngoja adui, mashamba yakabaki na wanawake. Serikali ikawa inachukua ngano ya wakulima kwa bei ya kutupa. Mjini mkate wa mgawo, kwa kadi. Kijijini watu walichemsha majani.

Halafu akaniomba nizime simu. Nikazima.

Baba yake ndiye aliyekuwa mtunza ghala la ngano ya serikali. Alificha magunia chini ya sakafu ya zizi la farasi, akayauza mjini kwa magendo. Majirani walizika watoto. Vita vikaisha, vyama vipya vikaruhusiwa, chama tawala kikaangushwa kwenye kura. Baba akapanda farasi wake mweupe, akazunguka wilaya nzima kuwasemea wenye njaa. Wakamchagua. Mpaka leo kisima cha kijiji kina jina lake.

Orhan alikuwa mtoto. Yeye ndiye aliyeshika taa baba akichimba. Hajamwambia mtu, hata marehemu mkewe. Alilia. Nami nikalia.

Nimerudi nyumbani nikayaandika yote kabla hayajapoa.

Jumatano, 28 Mei

Msimamizi wangu kaipenda mno. Anasema sura imepata uhai. Anataka niisome kwenye mhadhara wa wazi chuoni wiki ijayo. Nimebadilisha jina la Mzee na la kijiji. Yatosha. Moyo unanisuta, nimeuambia unyamaze.

Jumatano, 4 Juni

Nimejipalia makaa.

Safu ya tatu alikaa Selma, binti wa Mzee Orhan. Pembeni yake wazee wawili wa kijijini kwao, wale anaocheza nao dama mkahawani kila Jumamosi. Selma ndiye aliyewaleta, kwa fahari kabisa, eti jirani yao anazungumza habari za kwao. Nimewaona nikiwa tayari nimefika kwenye farasi. Majina nilibadilisha, farasi nikamwacha. Nani mwingine aliyezunguka wilaya ile akiomba kura juu ya farasi mweupe? Mzee mmoja alisimama, akavaa kofia yake taratibu, akatoka.

Ningeweza kuishia pale. Nilisoma mpaka mwisho. Wakapiga makofi.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Nimekwenda na sahani ya pilau kumwomba radhi. Kanifungulia mlango, maana siku kama ya leo mgeni hafukuzwi. Kamimina gilasi moja tu ya chai, yangu. Yeye kasimama dirishani, kanipa mgongo mpaka nilipomaliza. Nilisema, nisamehe baba. Kaitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia dereva wa basi.

Sina uso.

Jumapili, 8 Juni

Sahani yangu nimeikuta kizingitini. Imeoshwa, imefutwa. Tupu.

Nimekaa nayo kwenye ngazi sijui muda gani. Zuhura, binti yangu, kaniuliza kulikoni, nikamweleza. "Mum, it's just a plate." Kazaliwa hapa, si kosa lake.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekutana na Selma stesheni. Nilidhani atanipita. Kasimama, kaongea bila kunitazama. Baba yake alijikaza akaenda mkahawani. Hakuna aliyemtukana. Walimpa kiti, wakamletea chai, wakampangia dama. Ila hakuna aliyekaa mbele yake kucheza. Yule mzee wa kofia alifiwa na dada zake wawili katika njaa ile. Basi Mzee Orhan karudi nyumbani, na haendi tena.

Mchana huu namsikia ng'ambo ya ukuta. Televisheni tu. Jumamosi zote alikuwa hayupo saa hizi.

Ile habari nimeitoa kwenye sura. Msimamizi kakasirika, anasema ndiyo iliyobeba kila kitu. Basi isibebe. Watu wameshaisikia, nitaitoa masikioni mwao kwa lipi? Mtu kakuomba uzime simu, wewe ukageuza kichwa chako kuwa simu. Nilimvua nguo mzee wa watu mbele ya wenzake, naye alikuwa mtoto tu, kaambiwa shika taa.

Jumapili, 6 Julai

Muharram. Kila mwaka mwezi huu Mzee Orhan hupika chungu kikubwa cha ashure, ule uji wao mtamu wa ngano, maharage na zabibu, akagawa mtaa mzima. Mimi huniletea mwenyewe katika bakuli la buluu la marehemu mkewe. Nami hulirudisha na visheti.

Leo kapita Selma, mlango kwa mlango. Mama wa Kigujarati wa nyumba ya mbele kapewa bakuli la buluu. Mimi sikurukwa. Nimepewa kopo la plastiki, yale ya kutupa. Halirudishwi.

Nimekula nimesimama jikoni. Ngano imeiva vizuri. Tamu kama ya mwaka jana.

Kopo nimeliosha, nimelianika pembeni ya sinki.